Sanduku la Maswali: Je, Teach ni Mtu Mmoja?

Katika toleo lililopita niliomba nadharia zenu kuhusu nguvu za wahusika wa One Piece, na barua zimekuja nyingi kuliko nafasi ya kurasa hizi. Nimechagua za wale waliorudi kwenye kitabu wakaonyesha wameona nini, hata pale ambapo sikubaliani nao. Kwa asiyeijua: ni manga, yaani hadithi ya picha za kuchora za Kijapani, ya Eiichiro Oda, iliyoanza tarehe 22 Julai 1997 katika jarida la Weekly Shonen Jump la Japani, na hadi leo haijaisha. Kijana Luffy anaitafuta hazina ya mfalme wa maharamia katika dunia ambayo mtu akila Tunda la Shetani anapata nguvu ya ajabu, na tangu siku hiyo hawezi tena kuogelea. Mnaofuata anime, yaani katuni yake ya televisheni, taratibu msiwe na wasiwasi, nimeishia sehemu ya Wano. Ya Elbaf, nchi ya majitu, siyagusi leo, zaidi ya kutaja kwamba safari imefika huko.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi nipo darasa la saba. Kama waliokula tunda wanachukiwa na bahari, Luffy anaogaje? Na mvua ikimnyeshea mbona haanguki? Kaka yangu anasema Oda alisahau. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mwambie kaka yako Oda hakusahau, kwa sababu aliwahi kuulizwa swali hilohilo. Kuanzia juzuu ya 4 ndani ya vitabu vyake kuna kurasa ziitwazo SBS, ambako wasomaji wanamwandikia na yeye anawajibu. Humo alieleza kwamba maji yaliyokusanyika mahali pamoja, hata ya beseni la kuogea, yanahesabika kama bahari. Yanayopita tu juu ya mwili, kama mvua au bomba la manyunyu, hayana neno. Akizama mwili mzima ndipo nguvu zinapomwishia kabisa.

Usichanganye hilo na kilichompata Crocodile, mlaji wa tunda la mchanga, kule Alabasta. Luffy alimwendea na pipa la maji mgongoni kwa sababu mchanga ukilowa unashikana, hauwezi tena kutawanyika ukakwepa ngumi. Maji yalipoisha alitumia damu yake mwenyewe, na ikafanya kazi vilevile. Hiyo ni tabia ya mchanga, haihusiani na chuki ya bahari. Nimesoma nadharia nyingi za watu wazima zilizovurugika hapohapo: mtu anachanganya laana ya tunda na tabia ya kitu ambacho mlaji amegeuka kuwa.

SWALI: Dada, hapa kijiweni tumebishana mpaka tumenuniana. Mimi nashikilia kwamba Marshall D. Teach, yaani Blackbeard, ana roho tatu ndani ya mwili mmoja. Ndiyo maana alipata nguvu za matunda mawili asife, na nafasi ya la tatu bado ipo. Wenzangu wanasema ni giza la tunda lake tu linalonyonya kila kitu. Tuamulie. (Fundi simu, Kariakoo)

JIBU: Kaka, barua yako imenifanya nitandaze juzuu zangu zote mezani, na nimefurahi kwa sababu hakuna mhusika ninayemfuatilia kama huyu.

Tunamwona mara ya kwanza katika sura ya 223, kwenye baa ya Mock Town, kisiwani Jaya. Amekaa kaunta moja na Luffy, kila mmoja na pai yake ya cheri. Luffy anasema pai ni mbaya ajabu, na papo hapo Teach anasema ni tamu ajabu. Wanakunywa, mambo yanageuka: sasa Luffy ndiye anayesifia kinywaji na Teach anakiponda. Nusura washikane mashati. Msomaji anacheka na kufungua ukurasa unaofuata, lakini hebu rudi uitazame picha ile. Ni watu wawili wenye njaa moja, sauti moja na pupa moja, wanaopishana kwenye ladha tu. Baadaye, Luffy na Zoro, mpiga upanga wa kundi lake, wanatoka wamepigwa na haramia Bellamy bila kurudisha hata ngumi moja. Teach yuko njiani, anawaambia kwamba ndoto za watu haziishi. Akishaondoka, Nami, mwenzao wa merikebu, anauliza yule ni nani. Luffy anamjibu kwamba si yule, na Zoro anamalizia: pengine ni wale.

Wapo wanaosema Zoro alikuwa anasema habari za kundi zima la Teach. Sikatai kwamba inawezekana, ila wakati ule walikuwa wameongea na Teach peke yake.

Sasa nenda kwenye vita vya Marineford, sura za 576 na 577, mwaka 2010. Whitebeard, nahodha ambaye Teach alikuwa chini yake, amekufa akiwa amesimama. Teach na maiti wanafunikwa kitambaa kikubwa cheusi, na anapotoka anatetemesha dunia kwa Gura Gura, tunda la marehemu, huku Yami Yami, tunda la giza, bado analo. Vita vyote vinasimama. Kila aliyekuwepo anajua kwamba nguvu mbili ni kifo. Na ni Marco, aliyekaa naye merikebu moja miaka mingi, anayesema kwamba mwili wa Teach haukuumbwa kama wa watu wengine. Halafu ikaja sura ya 966, mwishoni mwa 2019. Tunarudishwa nyuma, Teach angali kijana, na tunaambiwa kwamba tangu azaliwe hajawahi kulala usingizi. Juu ya yote hayo, bendera yake ina mafuvu matatu.

Upande wa wenzako nao wana hoja. Yami Yami si tunda la kawaida, linavuta hata nguvu za mlaji mwingine. Kisha tazama nani aliyetueleza kwamba matunda mawili yanaua. Ni Jabra, wakala wa siri wa serikali, kule Enies Lobby, na alilisimulia kama habari za mashetani wawili wanaogombania mwili mmoja hadi ukapasuka. Mwandishi mwenyewe hakusimama pale na kusema hii ni sheria. Mhusika anaweza kukosea, au akawa anajua nusu tu ya jambo.

Hukumu yangu ni hii. Teach alikaa miongo chini ya Whitebeard akisubiri tunda moja tu, Yami Yami, na lilipopatikana alimuua Thatch, mwenzake wa merikebu hiyohiyo, ili alichukue. Kama mwili wake pekee ungetosha kubeba matunda mawili, angeanza na tunda lolote lililokuwa karibu. Kwa nini asubiri hilo? Kwa hiyo giza linahitajika, na wenzako hapo wamepata. Lakini kama giza pekee lingetosha, Oda asingempa Marco ile kauli kuhusu mwili, wala asingerudi miaka tisa baadaye kutuambia kwamba mtu huyu halali. Wewe hapo umepata. Naamini ndani yake yumo zaidi ya mmoja, na giza ndilo linalomwezesha kupora. Lakini "watatu" mmeitoa kwenye bendera tu, na bendera peke yake haitoshi. Kuna mashabiki wanaohesabu pia mapengo ya meno yake kule Jaya, wakisema yanahama kutoka picha moja hadi nyingine. Mimi siyapi uzito. Mtu anayechora kurasa kila wiki anaruhusiwa kukosea jino.

Ila kuna swali moja ambalo kijiwe chenu hakijaligusa. Kundi lake linawinda walaji wa matunda na kupora nguvu zao. Shiryu sasa anatembea na nguvu ya kutoonekana iliyokuwa ya Absalom. Kama nafasi ya tatu ipo, kwa nini hadi Wano inaisha nahodha wao hajaijaza? Anachagua, au anazuiwa na kitu? Anayeniandikia, aanzie hapo. Na ukitaka kuivunja nadharia yako mwenyewe, tafuta ukurasa mmoja ambapo Teach amelala.

Nimalizie na jambo la historia, maana linanipendeza sana. Blackbeard wa kweli aliitwa Edward Teach, na aliuawa tarehe 22 Novemba 1718 huko Ocracoke, North Carolina. Oda aligawa jina hilo: Whitebeard akaitwa Edward Newgate, na mwingine akapewa Teach. Nusu moja ya jina ikamuua mwenye nusu nyingine na kuchukua nguvu zake. Wagawanyike, kisha waungane ndani ya mwili mmoja. Sisemi ni ushahidi wa roho nyingi. Nasema mwandishi amekuwa akilicheza wazo hilo tangu siku aliyowapa majina.

SWALI: Dada, nimesikia Eustass Kid naye ni haramia wa kweli. Je, nguvu yake ya sumaku imetoka kwenye historia yake? (Msomaji, Moroni)

JIBU: Jina limeunganishwa: Eustace, mtawa wa Kifaransa aliyegeuka haramia na kuuawa mwaka 1217, na William Kidd wa Uskochi. Huyu wa pili alipita kwenu. Mwaka 1697 aliileta meli yake, Adventure Galley, Nzwani na Mwali, na maradhi yakaua mabaharia wake wengi huko huko Komoro. Alinyongwa London mwaka 1701. Sumaku haimo popote. Majina ya Oda yanaweza kukudokeza hadithi inaelekea wapi, lakini nguvu za tunda tafuta kwenye tunda.

SWALI: Nafundisha sekondari na nimeisoma One Piece tangu nikiwa mwanafunzi. Sijamsamehe Oda kwa sura ya 1044. Miaka ishirini na mitano tunaambiwa Luffy alikula tunda la mpira, tunda la kuchekesha tu, na yeye akalifanya silaha kwa akili na jasho. Mara tunaambiwa ni tunda la mungu. Je, huko si kubadilisha kanuni katikati ya mchezo? (Mwalimu, Mombasa)

JIBU: Mwalimu, uchungu wako naujua. Kwa ambaye hajafika: Machi 2022, Wazee Watano wanaoongoza Serikali ya Dunia walifichua kwamba jina la tunda la Luffy, Gomu Gomu, ni la kubandika. Jina halisi ni Hito Hito, mfano wa Nika, mungu jua, mpiganaji wa ukombozi ambaye mwili wake una sifa za mpira. Kwenye anime likatoka Agosti 2023.

Kuhusu kubadilisha kanuni, sikubaliani nawe. Kanuni haikubadilika, aliyetuambia tunda ni nini ndiye aliyekuwa hajui, au alikuwa anaficha. Serikali ilibadilisha jina kwa makusudi. Na mwaka uliotangulia, sura ya 1018, Who's-Who, wakala wa zamani wa serikali, alimsimulia Jinbe, mwenzake Luffy, habari za Nika ambaye watumwa walimwomba awakomboe, na huyohuyo Who's-Who ndiye aliyekuwa analinda tunda la Gomu Gomu siku haramia Shanks alipolipora. Tangu siku ile lilikuwa limejibika swali ambalo tulizoea kulipita: kwa nini serikali ilinde tunda la mpira kwa watu wa aina ile?

Panaponiuma mimi ni pengine. Wazee wale wanasema matunda ya jamii ya Zoan, yanayombadilisha mlaji umbo, mara nyingi la mnyama, yana utashi wao, na kwamba hili limeikwepa serikali kwa miaka 800 kana kwamba linakimbia. Sasa mtoto wa sura ya kwanza, aliyelila kwa uroho kutoka kwenye sanduku la Shanks bila kujua ni nini, anaanza kuonekana kama aliyechaguliwa. Nilimpenda Luffy kwa sababu hakuchaguliwa na yeyote. Hapo nasimama na wewe.

Lakini fungua tena Enies Lobby, pambano na Blueno, wakala mwingine wa serikali. Luffy anakunja ngumi, ngozi inafuka mvuke, anasukuma damu kwa kasi ambayo moyo wa mtu wa kawaida ungepasuka. Hiyo ndiyo Gear 2, na anaeleza mwenyewe alivyoifikia: baada ya kushindwa na Aokiji, admirali wa jeshi la majini, alikaa akawaza atapigana vipi asije akampoteza mwenzake hata mmoja. Hakuna mungu aliyemnong'oneza. Tunda lilikuwa na jina kubwa, sawa, lakini mawazo yale yalikuwa ya kijana mmoja mwenye hofu ya kufiwa, na sura ya 1044 haikuyafuta.

Kama unataka kumbana Oda, mbane hapa. Kule Dressrosa haramia Doflamingo alitueleza kwamba tunda linaweza kuamka, na la kwake, la jamii ya Paramecia inayompa mlaji uwezo bila kumgeuza mnyama, lilipoamka likageuza majumba kuwa nyuzi. Zoan walioamka tuliowajua kabla ya hapo, wale walinzi wa gereza la Impel Down, walipata miili migumu isiyokufa upesi. Hawakugeuza chochote kilichowazunguka. Luffy wa Gear 5, umbo la tunda lake lililoamka, anaivuta ardhi kama mpira. Zoan gani huyo anayeamka kama Paramecia? Nadharia nzuri kuhusu Nika lazima ijibu hilo, na nyingi nilizotumiwa zimelikwepa.

SWALI: Mihawk ana tunda gani? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Kwa bingwa huyo wa upanga, hakuna ukurasa unaoonyesha analo, na simtafutii. Roger mwenyewe, mfalme wa maharamia, hakuwa na tunda. Kaido, aliyepigana na Luffy kule Wano, alilisema hilo wazi juu ya paa la Onigashima, kwamba Haki, ile nguvu ya nia, inazidi zote. Kaido alikuwa na tunda la joka, kwa hiyo maneno hayo kutoka kwake nayapa uzito mkubwa.

SWALI: Je, nguvu za Zoro ni za kurithi? Na jicho lake la kushoto linaficha nini? (Msomaji, Bujumbura)

JIBU: Jicho, sina la kukuambia. Limefumbwa tangu 2010 kundi liliporudi baada ya miaka miwili, na hakuna dokezo ninaloweza kukuwekea kidole.

Ukoo ni habari nyingine, na hapo mashabiki walishinda. Waliona kwamba kijiji alicholelewa Zoro kinaitwa Shimotsuki, kwamba ndilo jina la ukoo wa Ryuma, yule bingwa wa upanga wa Wano, wakaunga. Katika SBS ya juzuu ya 105 Oda akathibitisha kwamba bibi yake Zoro alitoka katika ukoo huo. Lakini damu haikumpa upanga. Siku alipoichomoa Enma kwa mara ya kwanza, upanga ule ulimfyonza Haki hadi mkono ukasinyaa ukawa mifupa mitupu, na ikambidi aurudishe kwa nguvu yake mwenyewe. Mjukuu wa ukoo mkubwa alikaribia kukaushwa na upanga. Ukitaka kueleza nguvu za Zoro, anza na mkono ule.

SWALI: Dada, naona umemsahau Usopp, mlenga shabaha wa kundi la Luffy, kama watu wote. Mimi nina nadharia kwamba yeye ndiye mwenye nguvu kubwa kuliko wote: kila uongo anaousema unatimia. Nimeandika orodha. (Msomaji wa kike, Tanga)

JIBU: Sijamsahau mdogo wangu, na orodha yako nimeisoma yote. Nianze kwa kusema kwa nini barua yako imenigusa. Katika SBS ya juzuu ya 56 msomaji mmoja alimwuliza Oda kila mmoja wa kundi angekuwa wa nchi gani katika dunia yetu. Luffy Brazili, Zoro Japani, Nami Uswidi, Sanji Ufaransa. Usopp: Afrika. Hakutaja nchi, kasema Afrika tu, kwa hiyo nasi wa Tanga na Dar tumo. Najivunia, na siku zote nimemsoma kwa macho hayo.

Ushahidi wako mzuri kuliko wote ni ule wa samaki. Kijijini kwake, Usopp alikuwa akimsimulia Kaya, binti mgonjwa aliyekaa dirishani, kwamba aliwahi kupambana na samaki wa dhahabu mkubwa kiasi kwamba kinyesi chake kilionekana kama kisiwa, na nyama yake akaipeleka nchi ya watu wadogo ambao mpaka leo hawajaimaliza. Kaya alicheka. Miaka ya machapisho inapita, wanatoka kisiwa cha Little Garden, na mbele ya merikebu linafumbuka domo la samaki wa dhahabu anayekula visiwa, mwenye kinyesi cha ukubwa uleule. Majitu Dorry na Brogy wanampasua katikati ili wapite. Kisha Dressrosa, 2013: watu wadogo wa Tontatta, hai kabisa. Nakubaliana nawe, hiyo haiwezi kuwa bahati.

Lakini tutenganishe mambo mawili, maana wengi wanakwama hapa. Ipo nguvu ya mhusika ndani ya hadithi, na upo mkono wa mwandishi juu ya hadithi. Nguvu ya mhusika ina kanuni na ina gharama: Luffy anazama, Teach hapati usingizi, mkono wa Zoro unakauka. Nionyeshe uongo unamgharimu nini Usopp kila unapotimia. Hakuna tunda alilokula. Anayo shabaha, mbegu zake za Pop Green, na Haki ya uoni iliyomwamkia Dressrosa alipomlenga adui aitwaye Sugar kutoka mbali. Samaki alikuwa akiogelea baharini kabla Usopp hajazaliwa. Aliyempanga samaki huyo akutane na kijana yule ni Oda.

Kuna uongo mmoja ambao haumo kwenye orodha yako, nami ningeuweka wa kwanza. Usopp alipokuwa mtoto, mama yake, Banchina, yuko kitandani anakufa. Kijana anaingia mbio, anapaza sauti kwamba maharamia wamekuja, baba amekuja kuwachukua. Mama anajua si kweli, na anakufa akimwambia ajivunie damu ya haramia aliyonayo. Kuanzia hapo kila siku anapita kijijini akipiga kelele ileile, maharamia wamekuja. Mpaka siku kundi la haramia Kuro lilipokuja kweli, naye akakimbia nyumba hadi nyumba, na hakuna hata mmoja aliyemwamini. Uongo wake wa kwanza kutimia haukumpa nguvu yoyote. Alifukuzwa. Akaamua kupigana ufukweni kabla hakujapambazuka ili asubuhi ile nayo ionekane ya kawaida, na ilipokwisha akawaomba watoto watatu wa kikundi chake wasimwambie mtu.

Kwa hiyo unaposoma Elbaf, ile nchi ya majitu aliyoiota tangu Little Garden, hesabu uongo wake kama ulivyoanza, lakini kwenye daftari lako ongeza safu ya pili. Andika kila mara unapotimia nani alikuwepo kumwona, na nani alimwamini kabla. Nitumie safu hiyo, nitaichapisha.